Kombi Iliyougua Asubuhi

Nyie vijana mnaochomeka waya kwenye gari na kusubiri kompyuta iwaambie ugonjwa, msinikasirikie. Siwaonei wivu. Kidogo tu. Sisi kompyuta yetu ilikuwa pua, na pua zenyewe zilikuwa zimeziba kwa vumbi la Dodoma kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zinyeshe. Mjukuu wangu, ambaye naye ni fundi, ameniambia niandike ninayoyajua kuhusu mafuta machafu kabla sijayasahau. Nimemwambia nitaandika jinsi ninavyoongea, na anayetaka mpangilio akanunue kitabu cha shule.

Kwanza niwaambie jambo moja, maana najua wengine hamtafika mwisho. Msivute petroli kwa mdomo. Mimi nilivuta miaka yote ile, na siku moja nikaimeza. Nilicheua petroli siku tatu, mke wangu akanihamishia chakula uani, akisema hataki nilipukie jikoni kwake. Tumieni mpira wenye pampu ya mkono. Basi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shabani, tulikuwa naye karakana ya serikali. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na serikali ikaanza kupunguza watu makazini, tulipunguzwa siku moja, tukafungua gereji yetu Chang'ombe. Mabati sita, ukuta mmoja wa jirani tuliouazima, na boksi la spana. Mzee Shabani alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Ukimletea gari linalokohoa, yeye hachukui bisibisi. Anachukua chupa nyeupe ya glasi, anachota mafuta kutoka kwenye tangi, anaiweka juani, anaagiza chai. Mteja anaanza kukasirika. Chai ikiisha, Mzee anainua ile chupa: maji yamekaa chini, kutu imekaa chini, na juu petroli imejitenga. "Haya," anamwambia mteja, "njoo uone ulichokuwa unalinywesha gari lako."

Alikuwa na kipimo kingine, nacho ndicho nitakachowaelezea vizuri. Unachukua kioo, hata cha kunyolea, unakisafisha, unadondoshea tone moja la petroli, unaliacha likauke. Petroli safi inakauka haiachi kitu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha unyevu wa mafuta. Na ikiwa kuna kitu kimeyeyukia ndani yake, hicho kitu kitabaki pale kiooni kinakutazama. Hapo chupa haisaidii, maana kilichoyeyuka hakikai chini.

Alikuwa akisema fundi mvivu huanzia kwenye kabureta kwa sababu iko karibu na mikono. Mafuta yanatoka kwenye tangi, yanapita kwenye bomba, filta na pampu, ndipo yanafika kwenye kabureta. Uchafu nao unapita njia hiyo hiyo. Sasa wewe ukisafisha mwisho wa njia na mwanzo wake ni jalala, umefanya nini? Nilimsikia akiyasema hayo labda mara mia. Niliitikia kwa kichwa mara zote mia.

Sasa ndiyo nifike kwa Mwalimu Salala.

Mwalimu Salala alikuwa amestaafu, anakaa Makole, Msandawe wa huko ndani kupita Chemba. Mkewe, Mama Zuhura, naye ni wa huko huko. Mama huyu aliteleza bafuni akaumia uti wa mgongo. Alipona kwa namna yake: aliweza kulala, aliweza kusimama na kutembea kidogo kwa magongo, ila kukaa hapana. Akikaa dakika tano analia. Kwa hiyo basi halipandi, lori halipandi. Mwalimu aliwahi kukodi pikapu akaweka godoro nyuma. Hawakufika hata Mayamaya, ile barabara yenye makorongo ikamrusha mama mpaka akaomba arudishwe.

Ikapita karibu miaka miwili mama hajaenda kwao. Na kule kwao yuko mama yake mzazi, bibi mzee kabisa, ambaye alikata shauri kwamba binti yake amekufa na watu wanamficha. Mwalimu akaandika barua. Bibi akasema barua mtu yeyote anaweza kuandika. Akatuma picha. Bibi akasema hiyo ni ya zamani. Akatuma watu watatu, mmoja baada ya mwingine, wakamwapie kwamba mwanao yu hai, anakula, anagomba. Bibi akawaambia, "Mmelipwa shilingi ngapi?"

Hapo ndipo Mwalimu alipoinunua ile kombi. Ilikuwa ya Wazungu wawili waliokuwa wakishuka na Afrika mpaka safari ikawashinda hapa Dodoma. Kombi ya kulala, injini nyuma, ndani ina kitanda cha maana, kabati na sinki dogo. Ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, lakini springi zake zilikuwa laini na kitanda kilikuwa kitanda. Mama Zuhura alilazwa humo wakamzungusha Makole yote, akashuka anacheka.

Siku ya Jumamosi Mwalimu akanijia gereji, uso umemshuka. Dereva wa lori alikuwa ameleta ujumbe kutoka kijijini.

"Fundi Elia," akasema, "Ijumaa hii wanamsomea mke wangu hitma."

Mimi Mkristo, lakini nimekaa na Waislamu maisha yangu yote, najua hitma husomewa marehemu. "Mke wako yupi?"

"Ninaye mmoja! Yuko nyumbani, amenituma maandazi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia bibi ameshatafuta mbuzi, ameshaita walimu wa chuoni, na tangu aamue jambo hilo hali chakula cha kumtosha. Wanawe wengine wanaogopa kwamba hitma ikishasomwa, bibi naye atajilaza amalizie. "Nikimfikisha mke wangu kabla ya Ijumaa kuisha, mama yake atamshika kwa mikono yake, mambo yamekwisha. Nisipomfikisha, sijui."

"Utamfikisha," nikasema. Nilisema kirahisi namna hiyo.

Wiki ile petroli ilikuwa ya kubahatisha. Leo kituo kina mafuta, kesho kimefunga. Nikampa Mwalimu madumu yangu mawili ya lita ishirini, akayajaza kwa Bwana Tito, aliyekuwa akiuza petroli kwa madumu na chupa pale jirani, tukayaweka akiba. Siku mbili za kwanza kombi ilikwenda vizuri kwa mafuta yaliyobaki ya zamani; Jumapili jioni yalipokaribia kwisha tukamimina ya madumu kwenye tangi. Jumatatu asubuhi, tuliyomimina yakiwa yameshafika kwenye injini, ikaanza. Inawaka, inatembea mita mia tatu, inakohoa, inazimika. Unasubiri, unawasha, mita mia, inazimika.

Nikafungua kabureta. Nikaikuta ina utando fulani kwenye vitundu, nikaupuliza, nikafunga. Ikawaka, ikaenda safi mpaka jioni. Nikajipongeza. Jumanne asubuhi imezimika tena. Nikafungua kabureta tena! Nikabadili na filta, nikaweka mpya iliyoletwa na wachuuzi wa miaka ile, ina boksi zuri kuliko filta yenyewe. Mchana ikaenda safi. Jumatano asubuhi, tumerudi pale pale.

Pale gereji kila mtu alikuwa daktari. Mmoja akasema plagi. Mwingine, aliyekuwa fundi wa baiskeli, akasema Wazungu wameiwekea kombi yao siri ili Mwafrika asiiendeshe. Wengi wakasema joto, petroli inachemka kwenye bomba. Joto gani? Ilikuwa Julai, upepo wa asubuhi Dodoma unakukata masikio. Gari lenye ugonjwa wa joto linaugua saa nane mchana. Hili lilikuwa linaugua asubuhi na kupona adhuhuri. Niliona kabisa kwamba hiyo haiingii akilini, na bado nikachukua bisibisi kwenda kufungua kabureta mara ya tatu.

Mzee Shabani alikuwa amekaa na kikombe chake. "Elia," akaniita. "Umeyauliza mafuta?"

Nilikasirika, nisiwafiche. Mtu mzima, fundi mwenye watoto watano, unaulizwa swali la mwanafunzi mbele ya watu. Lakini nikachukua kioo cha pembeni cha gari bovu lililokuwa pale, nikakifuta, nikadondosha tone. Likakauka. Pakabaki duara jeupe. Nikalikwangua kwa kucha, likajiviringisha kama ukoko mwembamba. Nikalisugua vidoleni, nikanusa.

Asali.

Sasa niwaeleze. Yale madumu niliyanunua sokoni kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza asali ya Kondoa, ile ya kukamua kwa mkono, na vipande vya masega ndani yake. Nani asiyenunua madumu ya asali? Ni imara. Niliyaosha kwa maji ya moto na sabuni, nikatia kokoto nikayatikisa mpaka mabega yakauma, nikayaanika juu ya bati. Yaling'aa. Lakini mshikio wa dumu uko wazi kwa ndani, umesahau? Brashi haifiki, kokoto hazifiki. Maji ya moto yaliyeyusha nta, ikapanda ikagandia humo kwenye mshikio. Petroli ilipoingia ikaikuta, ikaiyeyusha taratibu. Mchana, mafuta yakiwa na joto, nta inapita na mafuta kimyakimya. Asubuhi ya baridi, na kabureta kwa kawaida hujipooza zaidi ikivuta hewa, nta inaganda kwenye vitundu vidogo, gari linakosa pumzi.

Kwa hiyo mkosaji alikuwa mimi. Mwalimu yuko mlangoni, ananitazama. Na mimi, kwa mdomo wangu huu ninaowafundishia, nikasema, "Mafuta ya yule Tito. Biashara huria hii, watu wanauza uchafu."

Mwalimu aliondoka pale kama upepo. Alimkuta Bwana Tito na wateja wake na wanawe wawili, akamwita mwizi, mtu asiyemwogopa Mungu, muuaji wa wagonjwa. Mwalimu Salala ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti! Niliyasikia yote kutoka gereji. Mzee Shabani alinitazama, akakitazama kile kioo, akamwaga chai yake iliyobaki, akaenda nyumbani.

Mchana ule ule nilifanya kazi ya haki. Nikateremsha tangi, nikalisuuza kwa petroli safi mara tatu, nikasuuza mabomba, nikaosha pampu, nikatupa filta. Mwalimu akanunua mafuta kituoni kwa ndoo ya gereji, maana madumu yalikuwa yamebaki kwake, tukaijaribu Alhamisi mapema asubuhi na baridi yake, kombi ikanguruma vizuri. Roho ikatulia.

Ijumaa alfajiri nikafika Makole na boksi la spana, maana Mwalimu alitaka niende nao. Mama Zuhura ameshalazwa kitandani, amejifunika kitenge kipya, anatoa amri kutoka mle ndani. Nikaangalia juu ya keria. Yale madumu yangu mawili yako pale, yamejaa.

"Nimeyajaza kituoni jana," Mwalimu akasema kwa furaha. "Safari hii si kwa yule mwizi."

Hapo ndipo ningesema, wanangu. Sentensi moja tu. Lakini ningesema nini bila kusema na la Tito? Nikajiambia tangi litatufikisha Chemba, nitayamwaga huko kwa siri. Nikapanda.

Kombi ile ilikuwa mlevi. Tulipofika Mayamaya mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka vibaya. Tukasimama, mimi nikaenda kujisaidia vichakani. Narudi, namkuta Mwalimu anapangusa mikono, dumu moja tupu liko chini.

"Nimeokoa muda," akasema.

Tulikwenda kama kilomita kumi. Upepo ulikuwa mkali, jua bado changa. Ikakohoa. Ikazimika. Barabara nzima ni sisi na vumbi letu.

Mwalimu akashuka. "Sasa hii nini tena? Mafuta haya nimenunua kituoni kwa mkono wangu."

Mama Zuhura akauliza kutoka kitandani, "Nimekufa au bado?"

Nilisimama nyuma ya ile kombi, nikaona sina pa kwenda. Nikamwambia yote. Madumu, asali, nta, kile kioo, na Bwana Tito ambaye hakuwa na kosa lolote. Nilitegemea anitukane. Angenitukana ningeshukuru. Alivua miwani, akaifuta vumbi, akaivaa.

"Nilimtukana yule bwana mbele ya wanawe," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

Mama Zuhura alianza kusema kwa Kisandawe. Mimi lugha ile ya kugongesha ulimi kaakaani siijui hata salamu, lakini kila ulimi ulipogonga nilijua ni mimi ninayegongwa. Alisema kwa muda mrefu. Halafu akahamia Kiswahili: "Basi simameni hapo mlie! Nta si inayeyuka kwa moto? Mimi mwanamke wa kulala nalijua hilo."

Ni kweli. Tukamwaga dumu la pili lote. Tukaenda mbali na gari, upande upepo unakotoka, hatua hamsini nilizihesabu, tukawasha vijiti vya miiba, tukachemsha birika. Sikilizeni hapa vizuri: moto wako mbali na kombi, kamwe msiusogeze karibu na petroli, mnabeba maji tu. Nikaloweka kitambaa kwenye maji ya moto, nikaifunga kabureta kama mtoto mwenye homa, nikabadilisha mara nne. Nikawasha. Ikashika! Tukazima moto wetu kwa mchanga, tukaenda. Ilipokohoa tukasimama, tukachemsha tena. Mama Zuhura akawa anaita, "Gari linataka chai!" Mara ya tatu hata Mwalimu alicheka, ingawa hakunitazama. Jua lilipopanda, mafuta yakapata joto lake, kombi haikudai tena. Lakini muda ulikuwa umekwenda. Swala ya Ijumaa ilitukuta bado barabarani, na Mwalimu alikuwa akiangalia saa kila kona.

Nikitoka kidogo njiani: Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa Bwana Tito, nikangoja wateja wajae, nikasema mbele yao kwamba mwongo ni mimi. Kusema vile kulinitetemesha kuliko siku niliyooa. Alinisikiliza, akasema, "Sawa. Sasa yaseme tena, huyu mteja kachelewa kufika, hakusikia mwanzo." Nikarudia. Alinirudisha kazini mara tatu, kwa wateja watatu. Alikuwa na haki.

Tulipoingia kijijini watu walikuwa wamejaa uani, wanaume kwenye mikeka wanasoma, moshi wa jikoni, sufuria zinachemka. Sasa fikirieni wao wanaona nini. Wako kwenye hitma, linatokea gari la ajabu, linakuja polepole, mlango unafunguliwa, na ndani yumo Mama Zuhura, amelala chali, amefunikwa kitenge. Jamani! Wanawake wakapiga ukelele. Wasomaji wakasimama. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Innalillahi, wamemleta." Watoto wakakimbilia nyuma ya nyumba.

Mama Zuhura akainua kichwa, akasema, "Nani kafa?"

Ukelele ukageuka ukawa ukelele mwingine. Mzee mmoja aliketi chini pale pale alipokuwa. Lakini mimi nilikuwa namtazama yule bibi. Ni yeye peke yake ambaye hakulia wala hakukimbia. Alikuja anatembea taratibu, mdogo kama mtoto wa darasa la nne, akashika mlango wa kombi, akapanda mwenyewe bila kusaidiwa. Akamshika mwanawe uso. Akamshika masikio, mabega, akateremka mpaka miguuni, akaushika unyayo mmoja, halafu wa pili. Kisha akajilaza pembeni yake pale kitandani, akamwekea mkono kifuani, akafumba macho. Akina mama wakamwita ashuke, mgonjwa atolewe, chakula kiko tayari. Yeye akavuta ncha ya kitenge, akajifunika. Nilimwona Mwalimu amegeukia ukuta wa nyumba, miwani iko mkononi.

Baada ya muda bibi akafumbua macho, akanielekeza kidole, akamuuliza Mwalimu neno.

"Anauliza kama wewe ndiye uliyemleta mwanawe," Mwalimu akasema.

"Mwambie mimi ndiye niliyemchelewesha."

Mwalimu alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu kule barabarani. Kisha akamgeukia bibi, akamwambia maneno mengi, mengi kuliko niliyosema mimi, na mpaka leo sijui alimwambia nini. Yule bibi alimsikiliza huku macho yake yako kwangu. Akajisogeza kwa mwanawe, akapata nafasi ndogo ukingoni mwa kitanda, akaipigapiga kwa kiganja, nikae.